Firimbi Bila Kalamu: Nani Asimamie Usafi wa Bustani za Doha?

Joto likishavunjika, Doha hutoka nje. Kuanzia Novemba hadi Machi bustani hujaa kila Alhamisi usiku na Ijumaa baada ya Alasiri: Al Bidda, Aspire, ile ya Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu pale baharini, na za mitaani zisizo na jina kubwa lakini ndizo za kila siku. Mikeka inatandikwa, chupa za chai zinafunguliwa, sahani za viazi karai na mishikaki zinazunguka, na watoto wanatupotea kwenye bembea mpaka Isha. Sisi watu wa pwani tuliohamia Ghuba tunazipenda sana bustani hizi. Wengi wetu tunakaa kwenye maghorofa, na baraza za kukaa jioni tuliziacha Mombasa, Tanga na Unguja.

Sasa nenda bustani hiyo hiyo alfajiri ya Jumamosi, kabla wafagiaji hawajamaliza. Utakuta vikombe vya karatasi, tishu, maganda ya mbegu za alizeti, mifupa ya kuku, na nepi ya mtoto iliyokunjwa vizuri ikaachwa chini ya mti kana kwamba mwenyewe atairudia. Pipa la taka liko hatua ishirini tu kutoka hapo.

Ikifika saa mbili asubuhi pamerudi kuwa kijani, na mgeni akipita atasema mji huu ni msafi. Ni msafi kweli. Lakini tuulizane wenyewe kwa wenyewe: usafi huo ni wetu, au ni wa wale vijana wa Nepal na Bangladesh walioamka saa kumi usiku kuja kutuokotea?

Liko na swali la pili, nalo ndilo nililokusudia leo. Yule mlinzi wa bustani, anayetuona kwa macho yake tunatupa, apewe mamlaka ya kutuandikia mukhalafa? Nimelisikia likizungumzwa kwenye majlisi zetu zaidi ya mara moja, na kila mara watu hugawanyika. Wengine wanasema ndiyo, tena wamechelewa. Wengine wanasema hasha, leo mlinzi, kesho mfagiaji, keshokutwa tutaogopa hata kumenya chungwa.

Mimi niko upande wa ndiyo, lakini ndiyo yangu ina masharti.

Sheria haikosekani

Qatar ina sheria ya usafi wa umma tangu zamani. Ile ya mwaka 1974, Sheria Na. 8, ilidumu zaidi ya miaka arubaini, kisha ikaondolewa na kuwekwa Sheria Na. 18 ya 2017. Kwa sheria hii mpya, kutupa taka au mabaki ya chakula barabarani, bustanini, ufukweni na mahali pengine pa watu wote ni kosa, na faini yake inaweza kufika riyali 10,000. Imeacha pia mlango wa sulhu: mtu anaweza kulipa kiasi kilichopangwa na jambo likaishia hapo, bila kufikishwa mahakamani.

Riyali 10,000 si pesa za kuchezea. Mshahara wa chini kabisa uliowekwa na sheria hapa nchini tangu Machi 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na posho ya nyumba na chakula. Kwa hivyo faini ya juu kabisa ya kutupa taka ni mshahara wa miezi kumi wa mtu wa chini. Ishikeni hesabu hii, tutairudia.

Sheria ya taka ina tabia yake: haifanyi kazi mpaka mtu akuone, ajue ni wewe, na aandike. Gari likipita taa nyekundu kamera inalipiga picha, na ujumbe unakufikia kwenye simu kabla hujafika nyumbani. Tishu iliyoanguka mkekani haina nambari ya gari. Lazima awepo binadamu.

Na si kila mwenye sare anaweza kuandika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Na. 23 ya 2004, inataja wenye mamlaka ya dhabt, yaani wale ambao wakisema wameona kosa na wakaliandika, maandishi yao yana nguvu ya kisheria. Polisi wamo. Lakini sheria hiyo pia inamruhusu Mwendesha Mashtaka Mkuu, kwa kuafikiana na wizara inayohusika, kuwapa mamlaka hayo wafanyakazi wa idara nyingine kwa makosa yanayohusu kazi yao. Ndiyo njia anayopitia mkaguzi wa baladiya anayeingia jikoni mwa mkahawa na kuufunga akikuta nyama imeoza. Kwa hivyo kumwongezea msimamizi wa bustani mamlaka hakuhitaji sheria mpya. Njia imeshachongwa, ni suala la nani apitishwe.

Mwenye firimbi

Tuwe wazi kwanza, mlinzi wa bustani ni nani? Bustani nyingi za mitaani ziko chini ya Wizara ya Baladiya. Aspire ina wenyewe, ile ya Makumbusho ina wenyewe, na Oxygen Park kule Education City iko chini ya Qatar Foundation. Wengi wa wanaosimama getini na kuzunguka na firimbi ni watu wa makampuni ya ulinzi yenye kandarasi. Na wengi wao, kama mlivyoona wenyewe, ni watoto wa kwetu: Wakenya na Waganda. Mtoto wako akipanda kwenye mti, sauti inayomwambia ashuke inaweza kumwambia kwa Kiswahili.

Msimu uliopita nilizungumza na mmoja wao, katika bustani ambayo sitaitaja asije akaulizwa. Ni kijana wa Kakamega, ana miaka mitatu hapa. Aliposikia Kiswahili chetu alifurahi, kama wanavyofurahi wote. Nikamuuliza akimwona mtu anatupa taka hufanya nini.

"Mzee, mimi niko na firimbi peke yake," akanijibu. "Nikipuliza, watoto wanashuka kwa miti. Watu wazima wananiangalia tu."

"Na ukiwaendea ukawaambia?"

"Wengine wanaokota na wanasema samahani. Wengine wananiuliza, wewe ni nani? Kuna mmoja aliniambia atapigia kampuni simu nirudishwe kwetu. Sasa mimi niko na bibi na watoto wawili, na deni la ejenti halijaisha. Nikaokota mwenyewe."

Nikamuuliza kama angependa apewe uwezo wa kuandika faini. Akacheka. "Mzee wangu, wakinipa hicho kitabu bila mtu wa kunisimamia nyuma, hapo ni kama kunitafutia balaa."

Nimekaa na jibu hilo muda mrefu. Wapinzani wa jambo hili wanaogopa kwamba mlinzi atapata nguvu kupita kiasi. Mlinzi mwenyewe anaogopa kwamba atapewa karatasi na kuitwa nguvu. Mimi namwona yeye ana haki zaidi ya kuogopa.

Waliotutangulia walishalifikiria

Jambo hili si geni katika dini yetu. Al-Mawardi, kadhi wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, aliandika kitabu mashuhuri juu ya hukumu za utawala, na ndani yake akaeleza kazi ya muhtasib, yule msimamizi wa masoko na njia. Kila Muislamu ameamrishwa kuhimiza mema na kukataza maovu, basi muhtasib ana nini cha zaidi kuliko mtu wa kujitolea? Al-Mawardi akahesabu tofauti tisa.

Nitazitaja chache zinazotuhusu. Kwa muhtasib kazi ile ni wajibu uliomwangukia yeye, hawezi kuiacha akaenda kwenye shughuli nyingine, na mwenye kujitolea anaweza. Watu wana haki ya kumpelekea malalamiko, naye lazima ayasikilize. Anaweza kuchukua wasaidizi. Anaweza kuadabisha kwa maovu yaliyo dhahiri, bila kupita mpaka. Na analipwa kutoka Baytulmal. Tena Al-Mawardi akamwekea uzio: asipekue yaliyofichika, ashughulike na yanayoonekana.

Mpime mlinzi wetu kwa kipimo hicho. Amevishwa sare na kuambiwa asimamie, kwa hivyo ana wajibu wa muhtasib. Mkononi hana kitu, kwa hivyo ana uwezo wa mtu wa kujitolea. Na hata huo uwezo wa kujitolea umepungua, kwa sababu mimi na wewe tukimwambia mtu "ndugu yangu, okota", hakuna wa kutufukuza kazi. Yeye yupo. Tumemweka mahali pabaya kuliko pote, halafu tunashangaa anapogeuza uso.

Niliyeshinda darasani zaidi ya miaka thelathini naijua hali hiyo kwa mfano wa viranja. Katika shule ya sekondari ya misheni niliyosoma, kiranja wa usafi alikuwa na daftari, na jina likiingia daftarini lilisomwa na mwalimu wa zamu jioni ile ile. Kiranja hakuwa na fimbo. Nguvu yake ilikuwa kwamba kila mtu alijua daftari lile litasomwa, na kwamba hata mtoto wa mkubwa likimpata linamsoma. Wiki ambazo mwalimu wa zamu hakulifungua, kiranja aligeuka mtu wa kuchekwa.

Waliojaribu, na yaliyowapata

Tuanze kwetu. Tangu tarehe 5 Juni 2020, Kenya ilipiga marufuku plastiki za kutumia mara moja ndani ya mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa: chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko. Mwenye kusimamia ni askari wa hifadhi, na anasimamia akiwa getini. Chupa yako inabaki nje, wewe unaingia. Hakuna haja ya kumfukuza mtu ndani ya mbuga kumtafutia ushahidi, kwa sababu taka haikuingia. Askari yule ana sheria nyuma yake na watu wanajua anayo, basi wageni wanafungua mabegi bila ugomvi mwingi.

Kenya hiyo hiyo inatupa na mfano wa kuogopa. Askari wa kaunti, wale watu wanaowaita kanjo, wana mamlaka ya kukamata kwa makosa madogo madogo ya mjini, na kutupa taka ni mojawapo. Muulize mtu yeyote wa Nairobi au Mombasa neno kanjo linamkumbusha nini. Atakwambia juu ya gari, kukimbizana, na "ongea vizuri tumalize hapa". Pale mwenye mamlaka anapoweza kupokea pesa mkononi, taka inasahauliwa na biashara inaanza.

Uingereza nayo ilipitia njia yake. Sheria yao ya mazingira ya 1990 inaruhusu maofisa waliopewa idhini kumpa mtupaji faini ya papo hapo badala ya kumpeleka mahakamani, na tangu mwaka 2023 kiwango cha juu cha faini hiyo kimepandishwa hadi pauni 500. Halmashauri nyingi zikaikabidhi kazi hiyo kwa makampuni binafsi. Baadhi ya mikataba ikawa inalipa kwa kila faini iliyoandikwa. Yaliyofuata hayahitaji mtabiri: malalamiko kwamba maofisa wanawavizia waangushao kipande cha sigara mjini, maana hao ni rahisi kuwapata, na wanaomwaga lori zima la taka usiku wanapita salama.

Singapore ilianza kampeni ya usafi mwaka 1968, na mwaka 1992 ikaongeza adhabu nyingine juu ya faini: mtupaji sugu anaamriwa na mahakama kuvaa fulana ya rangi ya kung'aa na kusafisha mahali pa watu wote kwa saa kadhaa. Walioiweka walielewa kwamba tajiri hulipa faini akasahau, lakini saa tatu za kuokota taka mbele ya majirani hazisahauliki.

Kwa hivyo mambo ni manne. Uwezo unaoheshimika ni ule wenye sheria nyuma yake. Pesa mkononi inaharibu kila kitu. Malipo kwa idadi ya faini yanamgeuza msimamizi kuwa mwindaji. Na adhabu ya fedha peke yake haiwagusi watu wote sawasawa.

Masharti yangu

Basi nikisema ndiyo, nasema hivi.

Kwanza, mamlaka yasigawiwe ovyo kwa kila mlinzi wa kandarasi. Kila bustani kubwa iwe na msimamizi mmoja au wawili kwa zamu, walioajiriwa na baladiya yenyewe, waliofunzwa, wenye kitambulisho chenye picha na mamlaka ya dhabt kwa makosa ya usafi tu. Walinzi wengine wabaki kuwa macho yake: wanaona, wanampigia simu, anakuja. Hapo yule kijana wa Kakamega anapata mtu wa kumsimamia nyuma, na wewe unapata mtu unayeweza kumshtakia. Bustani zisizo chini ya wizara nazo ziingie katika utaratibu huo huo, ili mtu asiwe na sheria tatu kwa matembezi ya siku moja.

Pili, onyo kabla ya kalamu. Aliyeangusha tishu akaambiwa akaokota, mambo yamekwisha, na aseme ahsante. Kalamu ni ya anayekataa, anayerudia, na anayefanya kubwa: aliyeacha mfuko mzima wa mabaki nyasini, au aliyemwaga makaa ya moto chini baada ya kuchoma nyama. Hili la makaa naliomba lisiwe na onyo hata moja. Makaa yakifunikwa mchanga yanaonekana yamezimika na bado yana moto ndani, na anayeyakanyaga huwa ni mtoto aliyevua viatu.

Tatu, asiguse pesa. Mukhalafa iingie kwenye mfumo kama za barabarani, ujumbe uje kwenye simu, ulipe huko huko, na pawe na mahali pa kukata rufaa kwa lugha unayoifahamu.

Nne, mshahara wake usihusiane hata kidogo na idadi ya faini alizoandika. Msimamizi bora ni yule ambaye mwezi umekwisha, bustani yake ni safi, na hajamwandikia mtu.

Tano, na hapa narudi kwenye ile hesabu ya mwanzo. Ijumaa bustanini hawakai wenye familia peke yao. Wako vijana wa ujenzi na wa usafi, wamekaa kwenye nyasi na paketi ya biskuti, wanapiga simu nyumbani. Hao ndio rahisi kuwaandikia. Hawatabishana, hawamjui mkubwa yeyote, na faini kwao ni maisha. Mwenye gari la riyali laki tatu aliyeacha sinia la mabaki ya mandi ni mgumu. Kama mamlaka haya yatamshika wa kwanza na kumpita wa pili, basi heri tubaki na firimbi. Dawa yake si ngumu: kila mukhalafa iambatane na picha ya taka yenyewe mahali ilipo, na kila onyo liandikwe, ili mkubwa wa idara aweze kuona nani anaonywa na nani anaandikiwa.

"Tumekuja kupumzika"

Mama mmoja wa jamaa zetu aliniambia, "Mwalimu, sisi tunakuja bustanini kupumzika, sasa nikae namwangalia mtu mwenye kalamu? Na watoto je? Mtoto wa miaka minne akitupa ganda la ndizi, nitaandikiwa mimi?"

Ni hoja ya haki. Mtoto hana dhambi na hana faini, na sharti la onyo limewekwa kwa ajili yake hasa. Lakini bi mkubwa yule naye nilimuuliza: huyo mtoto wa miaka minne akitupa ganda sebuleni kwako, huwa unafanya nini? Akacheka, jibu analijua. Tatizo letu ni kwamba sebule tunaihesabu yetu na bustani tunaihesabu ya baladiya. Watoto wanajifunza mgawanyo huo kabla hawajajifunza kusoma: cha ndani ni chetu, cha nje kina watu wake wa kukisafisha.

Hapa Ghuba mgawanyo huo una sumu zaidi kuliko kwetu, maana watu wa kukisafisha cha nje wana sura, wana rangi, na mtoto anawaona. Akikua akiona taka yake inaokotwa daima na mtu wa aina moja, atajifunza kitu kuhusu taka na kitu kingine kuhusu watu. Hicho cha pili ndicho kinachonitisha mimi kama mwalimu.

Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka Kombe la Dunia. Tarehe 20 Novemba 2022, Qatar na Ecuador zilipomaliza mechi ya ufunguzi kule Al Bayt, mashabiki wa Kijapani walibaki na mifuko wakaokota taka za uwanja. Nchi yao haikucheza siku ile. Siku tatu baadaye waliifunga Ujerumani katika uwanja wa Khalifa, wakafurahi, kisha wakaokota tena. Hakukuwa na mlinzi wala kalamu. Lakini watu wale wamelelewa shuleni kufagia madarasa yao wenyewe tangu wadogo, na tabia haikuota usiku mmoja. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema "tuwafundishe watu tu, faini ya nini". Mafunzo ni ya miaka ishirini. Upepo wa shamali ni wa leo jioni.

Na upepo huo tuutaje, maana tunajidanganya kwamba taka ya bustani inabaki bustanini. Al Bidda inatazamana na Kurnishi, katikati ni barabara tu. Kifuko chepesi kikipata upepo kiko baharini kabla hujakunja mkeka. Bahari hii ya Qatar ina nguva kwa makundi, kina kasa wanaopanda kutaga kwenye fukwe za kaskazini kama Fuwairit, na ina mikoko kule Al Thakhira ambayo watu wa pwani tukiiona tunakumbuka kwetu. Serikali ilishaliona hilo ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kutumia mara moja kuanzia tarehe 15 Novemba 2022. Madukani tumezoea. Bustanini bado tunafika na vikombe, vijiko na sahani za kutupa za watu kumi na tano.

Tusimngoje

Kama baladiya itamwongezea msimamizi mamlaka mwaka huu, mwakani, au isimwongezee kabisa, hilo ni la wenye kuamua. Sisi tunayo sauti na tunaweza kuitumia. Nambari 184 ya Wizara ya Baladiya inapokea maoni na malalamiko. Ukikuta makaa ya moto yamemwagwa, au mapipa yamejaa mpaka yanamwagika saa mbili usiku wa Ijumaa, piga. Wakiyasikia ya kutosha watajua kwamba wanaotaka bustani isimamiwe ni familia zenyewe.

Na kuna ya kufanya bila kumpigia mtu. Beba mifuko miwili ya taka pamoja na mkeka, mmoja wenu mmoja wa ziada. Acha sahani za kutupa, rudisha sahani za nyumbani, binti na mvulana waoshe wakirudi. Kabla ya kuondoka, wape watoto dakika tano wazunguke mkeka. Tumefundishwa kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika imani, basi wafundishwe kwa mikono wakiwa bado wadogo.

Na mlinzi akija kukwambia neno, usimuulize yeye ni nani. Mpe kikombe cha chai, umuulize kwao wapi, uokote ulichoangusha. Wengine waliokaa karibu watakuona, na siku ile kazi yake itakuwa nyepesi kidogo.